Tui na Chicha: Historia Fupi ya Kuchuja na Kutoa Data za Ramani

Mwanzoni mwa mwaka jana kililetwa katika dawati letu la istilahi kijitabu cha mwongozo kilichofasiriwa na kampuni moja ya biashara kwa ajili ya makarani wake wa mikoani. Kijitabu hicho kilieleza namna ya kusoma taarifa za mauzo katika kompyuta, taarifa ambazo ndani yake mna ramani. Ramani hizo si kama zile zinazotundikwa ukutani darasani. Ukibonyeza mkoa mmoja, duara za mikoa mingine hufifia na tarakimu zote za ukurasa hubadilika kuufuata mkoa ule. Ukibonyeza kitufe kingine hupewa jedwali lenye majina ya mahali, latitudo, longitudo na kiasi cha mauzo, nawe ukalichukua uendako.

Sentensi moja ndiyo iliyofanya kijitabu kiletwe kwetu. Iliandikwa hivi: "Hamisha data zilizochujwa." Karani mmoja alielewa kwamba atume zile data zilizobaki katika ramani baada ya kuchuja. Mwenzake wa mkoa wa pili alielewa kwamba atume zile zilizoondolewa. Wote wawili walituma, na makao makuu yakajumlisha yote mawili pamoja. Tulipoulizwa nani kati yao hakujua Kiswahili, ilitubidi tujibu kwamba wote wawili walikijua vizuri, na kosa lilikuwa letu sisi watunga istilahi.

Maana neno *kuchuja* lina nyuso mbili. Jikoni, tui lililochujwa ndilo linalotiwa chunguni, na chai iliyochujwa ndiyo inayonyweka. Kinachotajwa na kitenzi ni kile kilichopita na kinachotakiwa. Lakini ukitoka jikoni ukaingia katika mkutano wa siasa, mgombea aliyechujwa ni yule aliyekatwa jina, aliyerudi nyumbani. Katika michezo pia, timu iliyochujwa ni ile iliyofungasha virago. Kitenzi ni kilekile na kauli ya kutendwa ni ileile, lakini maana zimepeana migongo. Makamusi mengi huziweka maana hizi katika kidahizo kimoja bila kuonya, na wala hatuwalaumu watunzi wake, kwani katika mazungumzo ya kawaida muktadha hutosha. Katika amri ya mashine muktadha haupo. Mashine haina jiko wala mkutano.

Tulipolipeleka neno hili mbele ya kamati, wajumbe walitaka tujue kwanza kitendo chenyewe kilianzaje, ndipo tutafute jina. Tulidhani ni jambo la miaka 20 hivi iliyopita. Utafutaji ukatupeleka mbali zaidi.

Tuanze na neno *ramani* lenyewe. Wataalamu wa asili ya maneno hulihusisha na *rahmani* ya mabaharia wa Uarabuni, ambayo nayo ilitokana na neno la Kiajemi *rahnama*, yaani kionyesha njia. Sasa rahmani ya mabaharia hao haikuwa picha. Ilikuwa kitabu cha maneno na hesabu: bandari fulani, kimo cha nyota ya kaskazini vidole kadhaa, upepo wa msimu gani, dira ielekezwe wapi. Ahmad ibn Majid, mzaliwa wa Julfar, aliyekamilisha kitabu chake kikubwa cha ubaharia karibu na mwaka 1490, anazitaja rahmani za waliomtangulia na kuzisahihisha. Pwani yetu hadi Sofala imo katika maandishi yake. Nahodha alipotaka kwenda Kilwa hakutazama umbo la pwani katika karatasi, bali alitafuta mstari wa Kilwa katika orodha, akapima nyota kwa kibao na uzi, akalinganisha. Kwa hiyo neno tunalolitumia leo kwa picha lilizaliwa likiwa jina la jedwali.

Jambo hili si la Waarabu peke yao. Ptolemy wa Alexandria, aliyeandika katika karne ya 2, aliorodhesha mahali 8,000 hivi, kila mahali na tarakimu zake za latitudo na longitudo, na Rhapta ya pwani ya Afrika Mashariki ikiwamo. Sababu aliyoitoa yafaa ikumbukwe na kila mtu anayeandaa taarifa. Picha ikinakiliwa kutoka picha, na nakala ikanakiliwa tena, kosa dogo hukua mpaka umbo likapotea. Lakini mwenye tarakimu aweza kuichora upya. Nakala za zamani kabisa za kitabu chake tulizo nazo zenye ramani ni za mwishoni mwa karne ya 13, zaidi ya miaka 1,000 baada yake, na jedwali lilikuwa limeisubiri picha muda wote huo. Karani anayebonyeza kitufe ili apewe mistari badala ya duara anairudisha ramani katika umbo lake la kwanza.

Hayo ni ya kutoa. Ama ya kuchuja, twaona hakuna kisa kinachofundisha zaidi ya kile cha Daktari John Snow wa London. Kisa hiki kimesimuliwa mno, na mara nyingi kimesimuliwa vibaya. Husemwa kwamba alitia alama za vifo katika ramani, akaona zimelizunguka bomba la maji la Broad Street huko Soho, na siri ya kipindupindu ikafichuka. Mambo hayakwenda hivyo. Ramani aliichora baadaye, naye akaichapisha katika toleo la pili la kitabu chake mwaka 1855. Alianza na orodha.

Mwaka 1854, ugonjwa ulipozuka, Snow aliomba ruhusa katika Ofisi ya Msajili Mkuu anakili vifo vya kipindupindu vilivyoandikishwa katika wiki iliyoishia tarehe 2 Septemba katika vitongoji vitatu tu: Golden Square, Berwick Street na St Ann's. Hapo amechuja kwa mahali na kwa wakati. Alipata vifo 89. Akaona kwamba 6 tu vilitokea katika siku nne za mwanzo, na kwamba mlipuko ulianza Alhamisi. Akachuja tena kwa tarehe, vikabaki 83. Ndipo akaenda nyumba kwa nyumba. Karibu vyote vilikuwa hatua chache kutoka bomba lile. Vifo 10 tu vilitokea katika nyumba zilizokuwa karibu zaidi na bomba jingine, na alipouliza alikuta kwamba jamaa za 5 kati ya hao walikuwa wakituma maji ya Broad Street kwa kuyapenda, na 3 wengine walikuwa watoto waliosoma shule iliyo karibu na bomba hilo. Tarehe 8 Septemba mpini wa bomba uliondolewa, ingawa yeye mwenyewe aliandika kwamba ugonjwa ulikuwa umekwisha kuanza kupungua.

Lakini ushahidi ambao Snow aliuhesabu kuwa wa kukata shauri haukuwa ndani ya vifo 83. Ulikuwa nje ya chujio. Katika taarifa ya wiki ya Msajili aliona kifo cha mama mjane wa miaka 59 huko Hampstead, kitongoji cha mbali ambako hapakuwa na kipindupindu wakati ule. Alikwenda kumwuliza mwanawe. Akaambiwa kwamba mama hakufika Broad Street kwa miezi mingi, ila aliyapenda sana maji ya huko, na kila siku mkokoteni uliotoka upande huo ulimletea chupa kubwa. Maji ya Alhamisi tarehe 31 Agosti aliyanywa jioni ile na Ijumaa yake, na Jumamosi akafa. Mpwa wake aliyekuja kumtembelea aliyanywa pia, akarudi kwake Islington ambako nako hapakuwa na ugonjwa, naye akafa.

Tafadhali msomaji afikirie hali ingekuwaje kama Snow angekuwa na ramani ya siku hizi, akaubonyeza mtaa wa Soho, akafurahia duara zilizobaki, kisha akalitoa jedwali na kufunga kazi. Mjane wa Hampstead asingekuwamo. Watu wa pwani wanalijua jambo hili bila kusoma takwimu: chicha iliyobaki katika kifumbu hupigwa maji na kukamuliwa tena, na tui la pili hutoka humo. Hakuna mpishi anayeitupa chicha baada ya mkamuo wa kwanza, labda awe na haraka.

Baada ya Snow, kazi ya mkono ilihamia katika mashine, na hapa twaweza kwenda mbio kidogo. Katika sensa ya Marekani ya mwaka 1890, Herman Hollerith alitumia kadi zilizotobolewa, kila mtu na kadi yake, na sehemu ya kadi ikiwa ni matundu ya eneo alikohesabiwa. Umeme ulipita penye tundu, hesabu ikaongezeka. Kuchuja kukawa ni swali la ndiyo au hapana.

Hatua iliyofuata yatugusa zaidi, kwa kuwa ilianzia katika swali lililoulizwa juu ya Kenya. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Roger Tomlinson, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya upimaji wa angani huko Ottawa, alitakiwa kutafuta mahali panapofaa kupandwa miti nchini Kenya. Sharti zilikuwa nyingi: mvua, udongo, mteremko, barabara, na kila sharti lina ramani yake. Kuzipandanisha ramani zote kwa mkono kulionekana kuwa ghali mno. Akashauri kompyuta itumike. Shauri lile halikufuatwa wakati huo, lakini wazo halikufa. Miaka michache baadaye alilitekeleza kwa serikali ya Kanada katika kuorodhesha ardhi ya nchi ile, na ndio mfumo unaohesabiwa kuwa wa kwanza wa taarifa za kijiografia katika kompyuta. Hutukera kidogo kwamba vitabu vingi vinaitaja Kenya katika mstari mmoja na kuendelea na safari.

Mwaka 1970 Edgar Codd alichapisha makala ambayo ndani yake data zote zimepangwa katika majedwali, na kila ulizo huzaa jedwali jipya huku la asili likibaki kama lilivyokuwa. Mwaka 1974 wenzake wawili, Chamberlin na Boyce, walitoa lugha ya kuuliza maulizo hayo. Katika lugha hiyo mwulizaji hutaja sharti la mistari anayoitaka, yaani ile ambayo mkoa wake ni Tanga na mwaka wake ni 2019. Hataji anayoikataa. Kwa upande huu, basi, historia ya kompyuta inasimama jikoni pamoja na mchuja tui. Wazungu nao walilitoa neno lao katika kitambaa cha sufu iliyoshindiliwa, ambacho zamani kilitumika kuchujia vinywaji. Mkutano wa siasa haukushiriki.

Ramani ya kubonyezwa ilienea tangu mwaka 2005, Google ilipoanza kutoa ramani zake kwa umma, na tangu mwaka 2015 programu kama Power BI ya Microsoft zimeiingiza katika taarifa za biashara za kila siku. Mwaka huohuo wa 2015 wanafunzi na wakazi wa Dar es Salaam walianza mradi wa Ramani Huria, wakazipima kata zinazofurika maji, na data zao zikawekwa mahali ambapo yeyote aweza kuzichukua. Ramani hizi kwa Kiswahili zimeitwa shirikishi, jina ambalo kwetu lina mmiliki tayari: ramani shirikishi ni ile iliyochorwa na wanakijiji pamoja na wapimaji. Kwa ile inayojibu mbonyezo tumependekeza *ramani itikivu*, kwa kanuni ileile iliyotupa *sikivu* na *tulivu*.

Sasa turudi kwenye kutoa, ambako hasara hutokea. Kwanza, kilichofichwa hakikuchujwa. Mwezi Septemba 2008, benki ya Barclays ilipokuwa ikinunua mali za Lehman Brothers nchini Marekani, orodha ya mikataba iligeuzwa usiku kutoka jedwali la kompyuta kuwa hati ya mahakama. Mistari ya mikataba 179 ilikuwa imefichwa tu, haikufutwa. Katika kugeuzwa ikajitokeza tena, nayo ikaingia katika hati kana kwamba inanunuliwa, na mawakili wakalazimika kuiomba mahakama iiondoe. Jicho la binadamu haliwezi kutofautisha jedwali lililochujwa, lililofichwa mistari na lililofutwa. Yote matatu yana sura moja mezani. Kwa hiyo majina yake hayana budi kutofautiana.

Pili, chombo kinachopokea kina ukomo wake. Kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba 2020 wagonjwa 15,841 wa korona nchini Uingereza hawakuingia katika hesabu za kila siku, kwa sababu data za maabara zilitiwa katika jedwali la aina ya zamani lisilozidi mistari 65,536. Mstari uliozidi haukulia, uliangukia nje kimya, na watu waliokaribiana na wagonjwa hao hawakutafutwa kwa wakati. Ni mji uleule wa Snow na nchi ileile ya Msajili Mkuu, tena baada ya miaka 166. Programu ya Power BI nayo ina ukomo: mistari 30,000 kwa faili ya maandishi yaliyotengwa kwa mkato, na 150,000 kwa jedwali la Excel. Karani asiyeambiwa hilo kwa lugha yake atadhani amepewa yote.

Tatu ni mpangilio wa tarakimu, jambo dogo lenye vituko. Mabaharia na walimu wa jiografia husema latitudo kwanza. Mtindo wa faili uitwao GeoJSON, uliosanifiwa mwaka 2016, hutanguliza longitudo. Dar es Salaam iko karibu na latitudo -6.8 na longitudo 39.28. Ukizigeuza nafasi, duka la Kariakoo litaangukia magharibi ya Hispania, karibu na mpaka wa Ureno. Ukisahau alama ya kutoa peke yake, litapanda katika nyanda za juu za Ethiopia. Vichwa vya safu vikifasiriwa kwa uzembe, "mahali 1" na "mahali 2", kama tulivyokuta katika kijitabu kile, hakuna atakayejua kosa liko wapi.

La nne ni zito zaidi. Taarifa ya mauzo ikionyesha duara moja kubwa juu ya wilaya, mtazamaji huona jumla. Chini ya jumla hiyo kuna mistari ya wateja mmoja mmoja, na programu nyingi hutoa namna mbili za kuchukua: muhtasari unaofuata kile kinachoonekana, au data za chini yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 juu ya watumiaji wa simu milioni 1.5 ulionyesha kwamba nukta nne tu za mahali na wakati zilitosha kumtenga mtu mmoja na wengine wote katika asilimia 95 ya hali. Majina yalikuwa yameondolewa, lakini nyayo zilibaki. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, humtaka anayeshika taarifa za watu ajue anachotoa na kwa nani. Karani aliyeambiwa "hamisha data zilizochujwa" na kuelewa kwamba uchafu umekwisha kuondolewa, hutuma nyumba za watu akidhani ametuma hesabu ya sukari na sabuni.

Hapo ndipo *kuhamisha* kulipotushinda. Aliyehama hayupo alikotoka. Data zilizotolewa bado ziko zilikotoka, na sasa ziko mahali pawili. *Kusafirisha nje* nako ni kwa biashara: karafuu iliyokwisha kupakiwa melini haimo tena ghalani. Tulilitazama neno *nakili*, lakini nakala ni ya kitu kizima. Mwishoni tuliafikiana na *kudondoa*. Kuku hudondoa punje, na mwandishi hudondoa kifungu cha kitabu huku kitabu kikibaki rafuni kama kilivyokuwa. Kinachopatikana kitaitwa dondoo, na dondoo kwa desturi ya uandishi hutajiwa lilikotoka, ukurasa na tarehe. Tungependa dondoo la data nalo liandikwe juu yake limetoka ramani ipi, siku gani, na kwa sharti lipi la kuchuja.

Kuhusu kuchuja, kamati iligawanyika. Baadhi walitaka neno liachwe kabisa, litumike *kuteua*, ambalo halina nyuso mbili. Sisi tulilitetea, kwa kuwa limekwisha kuenea na kitufe chenyewe kina picha ya chujio. Tuliloomba ni kwamba kauli ya kutendwa isitumike peke yake katika miongozo. Iandikwe *data zilizopita chujio* na *data zilizobaki nje ya chujio*. Ni ndefu, twakiri, na mfasiri mmoja alitukumbusha kwamba vitufe ni vidogo. Mjumbe wa Pemba alipendekeza zile za nje ziitwe *chicha*, neno fupi lenye herufi sita tu. Wajumbe wa bara walicheka, wakasema kwao chicha ni kitu cha kuku. Mjumbe akajibu kwamba aliyesema hivyo hajawahi kupika wali wa nazi kwa nazi moja na wageni wanane.

Shauri hilo halijaamuliwa. Kijitabu cha kampuni ile kimerudishwa kikiwa na masahihisho 41, na *chicha* limewekwa katika orodha ya mapendekezo yanayosubiri kikao kijacho, pamoja na *pumba*, ambalo limependekezwa na wajumbe wa mikoa isiyo na minazi. Wasomaji walio na neno jingine la kile kinachobaki katika chujio, ungo au chekeche, ambalo katika mahali pao halina dharau ndani yake, waliandike pamoja na sentensi moja ya mfano na jina la mahali linakotumika, watuletee kabla ya kikao hicho.